Kaya Kwanza, Kanisa Baadaye: Kuitembelea Rabai Yetu

Wageni wengi wanaofika Rabai hupelekwa mahali pamoja tu. Hushuka garini mbele ya kanisa la zamani ambalo sasa ni makumbusho, husoma majina ya Krapf na Rebmann ukutani, hupiga picha, hunywa dafu, kisha hao wanarudi Mombasa. Hatuwalaumu. Ndivyo vitabu vya shule vilivyowaeleza, na ndivyo sisi wenyewe tulivyofundishwa tukiwa watoto: kwamba historia ya Rabai ilianza siku Wazungu wawili wagonjwa walipopanda kilima chetu. Lakini si mbali na kanisa hilo uko msitu ambao ulikuwa mji kabla jiwe la kwanza la kanisa halijawekwa, na mgeni anaondoka bila hata kuambiwa aangalie upande huo. Ubaya zaidi ni kwamba hata watoto wetu waliozaliwa Changamwe, Nairobi na Doha, wakija likizo, huonyeshwa kanisa tu.

Mwaka huu sehemu ya mchango wa chama chetu itakwenda kwenye kazi ya kaya: kuotesha miche pembezoni palipokatwa, kuweka alama za mipaka zinazoonekana, na kuwapa posho vijana watakaofundishwa na wazee kuwaongoza wageni. Kabla ya kuwaomba wanakwetu mtoe mfukoni, tumeona ni haki tuwaeleze mnachangia kitu gani, na kwa nini tunawasihi mtakapokuja mwanzie msituni.

Kwa Kiswahili cha serikali, kaya ni watu wa nyumba moja wanaohesabiwa wakati wa sensa. Kwetu sisi, na kwa ndugu zetu wote wa Mijikenda, kaya ilikuwa mji mzima. Simulizi za wazee zinasema watu wetu walitoka Singwaya, kaskazini, wakasukumwa kusini kwa vita na Waoromo, na walipofika nyuma ya pwani hii wakachagua vilele vya vilima vyenye msitu mnene. Wataalamu wanahesabu kuwa kaya zilianza kujengwa tangu karne ya 16. Katikati ya msitu palisafishwa uwanja, nyumba zikajengwa kwa kufuata mbari, na katikati ya uwanja pakawekwa moro, mahali pa wazee kukaa na kuamua. Chini ya ardhi, mahali wanapopajua wachache, palifukiwa fingo, kinga ya mji. Kuingia kulikuwa kwa njia nyembamba yenye malango, na njia hiyo ilipita ndani ya miti mikubwa iliyosongamana na miiba na matambaachi.

Watu husema wazee walihifadhi msitu kwa ushirikina. Sisi tunaona jambo hili lilianza kwa hesabu nyepesi kuliko hiyo. Msitu ulikuwa ukuta. Aliyekata mti pembezoni mwa kaya hakuwa amejipatia boriti tu. Alikuwa ametoboa ukuta uliowalinda wake na watoto wa mbari zote. Ndiyo maana marufuku ilikuwa kali na faini ikawa ya mifugo, na ndiyo maana hakuna mbari iliyoweza kusema kipande hiki cha msitu ni changu. Ulikuwa wa wote kwa sababu wote walijificha nyuma yake. Baadaye, kuanzia katikati ya karne ya 19, hofu ya vita ilipopungua na watu wakazidi kutawanyika kwenda kulima mashamba na kupanda minazi, nyumba za ndani ya kaya zilibaki chache hadi zikaisha. Lakini msitu haukugawanywa. Makaburi yalikuwa humo. Maombi ya mvua yalifanyika humo. Kiapo kizito kiliapwa humo. Katika nchi ambayo karibu kila kitu kingine kimekatwa vipande na kupewa namba ya hati, hapa pamebaki mahali ambapo Mrabai maskini na Mrabai tajiri wana haki sawasawa.

Kaya ya Rabai si moja. Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni ndizo zinazotajwa zaidi, kwa sababu mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na kaya za Giriama, Jibana, Kambe, Kauma na Ribe, zile za Duruma huko Gandini na Mtswakara, na Kaya Kinondo ya Wadigo. Zimetapakaa katika pwani kwa urefu wa kilomita 200 hivi. Mwaka uliofuata, 2009, UNESCO iliziweka mila zenyewe za kaya katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tunaomba msomaji asiipite tofauti hiyo. Orodha ya kwanza ni ya sifa, ya pili ni ya wasiwasi. Dunia ilitusifu kwa misitu, kisha mwaka mmoja baadaye ikasema wanaojua kuitunza wanapungua.

Kabla ya hapo, kuanzia 1992, serikali ilikwisha kuanza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani kikaundwa ili kufanya kazi na wazee. Wataalamu wa mimea waliopita humo waligundua kwamba visiwa hivi vidogo vya miti vina mimea adimu isiyolingana kabisa na udogo wa eneo lake. Wazee hawakushangaa. Waganga wao walikuwa wakiijua kwa majina.

Sasa tuje kwa Wazungu wawili, maana hatukusudii kuwafuta.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 akitokea Unguja, akiwa na barua ya Sayyid Said. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya pili ya kisiwa, upande wa bara. Alibaki peke yake, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. (Hili nalo huwa halisemwi sana: kadhi Mwislamu akimsaidia mmishenari kutafuta maneno.) Johannes Rebmann alijiunga naye Juni 1846, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wote wawili walihamia kwetu, wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja kwenye mlima.

Barua ya Sayyid Said ilikuwa na nguvu forodhani. Huku juu neno lilikuwa la wazee. Krapf alikuwa amekwisha kuzunguka vijiji kadhaa vya Mijikenda akitafuta mahali, na ni wazee wa Rabai waliokaa, wakasikiliza, wakakubali. Katika maandishi yake mahali hapo panaitwa Rabai Mpya. Kwa Mrabai jina hilo halina siri: mudzi muvya ni mji mpya. Hawa wageni waliwekwa karibu na kaya, si ndani yake, wakapewa ruhusa ya kujenga. Kwa hiyo ukisimama leo mbele ya lile kanisa la zamani, linaloitwa la kwanza katika Kenya nzima, kumbuka limesimama hapo kwa idhini iliyotoka kwenye baraza la kaya. Bila moro lisingekuwapo.

Waumini hawakuja mbio. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu na kifo, mwaka 1851. Baada yake alikuja Abe Gunja. Miaka mingi kazi ilikuwa hiyo hiyo ya mmoja mmoja. Wazee waliendelea na mambo yao katika kaya, wamishenari na yao nyumbani kwao, na watu wakawa wanapita kati ya sehemu mbili bila ya kuona ajabu. Tunasema hivi kwa sababu siku hizi yapo mahubiri yanayoita kaya nyumba ya shetani. Waliomtangulia mhubiri huyo waliishi jirani na kaya kwa miaka mingi, wakala vyakula vya watu wa kaya, wakafundishwa lugha na watu wa kaya.

Nyumba za Krapf na Rebmann bado zipo, karibu na Shule ya Msingi ya Isaac Nyondo. Ni kutoka Rabai ndipo Rebmann alipoanza safari iliyomfikisha kuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri. Rebmann aliuliza kile cheupe kileleni ni nini. Kiongozi wake hakuwa na neno la theluji, akasema tu ni baridi. Mabwana wa jiografia London walibishana kwa miaka mingi kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mswahili aliyekuwa na msafara alikwisha kulijibu swali kwa neno moja. Krapf naye aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Jakob Erhardt, aliyekuja baadaye, alikusanya maneno ya wafanyabiashara wa misafara, na yeye na Rebmann wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ziwa hilo halikuwa sahihi, lakini ramani hiyo ndiyo iliyowachochea wasafiri wa Kiingereza kuja kutafuta maziwa yenyewe.

Krapf aliondoka akiwa mgonjwa. Rebmann alibaki kwetu miaka 29. Alimzika mkewe Emma, akaendelea kuandika maneno ya lugha zetu mpaka macho yakaharibika. Mwaka 1875 alipopelekwa Ulaya akiwa karibu kipofu, aliyemshika mkono alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa. Rebmann alifariki Ujerumani mwaka uliofuata. Nyondo alirudi. Kila asubuhi watoto huingia katika shule yenye jina lake, na tungependa kujua ni wangapi kati yao waliwahi kuambiwa jina hilo ni la nani. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ile ya Kinyika, yaani lugha zetu za Mijikenda, ilitoka 1887. Humo mmehifadhiwa maneno ya babu zetu ambayo sisi hatuyasemi tena.

Kuna sehemu ya tatu ya ziara, nayo ndiyo inayotugusa zaidi, labda kwa sababu haina jengo la kupiga picha.

Tangu 1864 walikuja Rabai Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakasomeshwa India. Watu waliwaita Wabombei. Mmoja wao alikuwa William Jones, Myao kwa asili, ambaye alikuja kuiongoza Rabai kwa miaka mingi. Wakati wake habari zilienea katika mashamba yote ya pwani kwamba Rabai mtu hapigwi minyororo. Watumwa wakaanza kutoroka na kupanda kilima. Watoro hao walijenga vibanda, wakalima, wakaoa, wakabatiza watoto. Wenye watumwa wa Mombasa walikasirika, na mara kadhaa ilivuma kwamba watakuja na silaha. Wakuu wa misheni wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Mkataba na Sultani uliwataka warudishe watoro. Lakini watu hawakuacha kuja, na Warabai hawakuwafukuza kutoka ardhini. Walipata pa kulima kwa sababu palikuwapo ardhi isiyofungwa kwa jina la mtu mmoja.

Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai kwa miguu kwenda Uganda, akifuatana na Jones na kundi kubwa la wapagazi, wengi wao wakiwa wa hapa na wa Freretown. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones, aliyekuwa amebaki nyuma na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha watu waliosalia. Waliingia Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kutoka Agano la Kale, Ikabodi, utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai walikuwa wamejitokeza kuwapokea waume zao, na wengi hawakuwaona.

Miaka miwili baadaye, 1888, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alifika Mombasa akakuta ugomvi wa watoro umekaribia kuwa vita. Alikubaliana na wenye watumwa awalipe fidia. Zaidi ya watu 1,400 waliokuwa katika misheni za pwani walipata uhuru kwa namna hiyo, wengi zaidi wakiwa Rabai, na mwanzoni mwa 1889 wakagawiwa hati zao kilimani kwetu. Miongoni mwa wanaosoma kijitabu hiki wamo wajukuu wa watu hao. Wamo pia wajukuu wa wazee wa kaya waliowaacha wakae. Na kwa kuwa tumeoana kwa miaka zaidi ya 130, wengi wetu ni wajukuu wa pande zote mbili, ingawa wakati wa siasa za uchaguzi hutokea mtu akaanza kutenga nani mwenyeji na nani wa misheni.

Kwa hiyo ardhi ya pamoja si hadithi ya miti pekee. Imetulinda na vita, imewapokea wamishenari, imewapa watoro pa kulala. Na hivi sasa inamegwa. Mji wa Mombasa unapanuka kuelekea Mazeras na Mariakani, bei ya kiwanja inapanda kila mwaka, na msitu usio na mtu anayelala ndani yake unaonekana kwa dalali kama shamba lililosahauliwa. Mti mkubwa hukatwa usiku kwa mbao. Makaa huchomwa. Mchimba mawe husogea hatua moja, kisha nyingine. Sheria ipo na tunaishukuru, lakini askari wa sheria yuko mbali na panga liko karibu. Kilicholinda kaya kwa karne nne kilikuwa ni kwamba kila mtoto alijua mpaka uko wapi na nini kitampata akiuvuka. Ujuzi huo unaondoka pamoja na wazee, na wazee wenyewe hawako salama: katika kaunti yetu ya Kilifi, mtu mwenye mvi amekuwa akiitwa mchawi na kuuawa, mara nyingi ugomvi wenyewe ukiwa wa shamba. Kijana anayemwogopa mzee hawezi kumuuliza njia ya kaya.

Ndiyo maana posho ya vijana imo katika bajeti yetu pamoja na miche. Wako waliotuambia fedha hizo zingejenga choo cha shule. Choo kinahitajika, na kimo katika ukurasa mwingine wa kijitabu hiki. Lakini choo kikichelewa mwaka mmoja kitajengwa mwaka wa pili. Mbambakofi wa miaka mia ukiangushwa hatuwezi kuupigia harambee.

Kwa mnaokuja Desemba, njia ni ileile: barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha mnakunja kulia kufuata barabara ya Kaloleni. Msiende kaya bila kuonana na wazee kwanza. Watawaambia siku inayofaa, maana zipo siku ambazo kaya ina shughuli zake na mgeni hapiti. Mtavua viatu. Mtafuata njia na kuongozana, bila kukata tawi, bila kuokota jani wala kokoto, na bila kelele. Kwenye makaburi hamtapiga picha isipokuwa mmeruhusiwa, na zipo sehemu hamtaonyeshwa hata mkiomba, msibishane. Wenye mahubiri yao wayaache garini. Kutoka hapo ndipo mwende makumbusho na kanisani, halafu nyumba za Krapf na Rebmann. Mkiwa na siku nzima, endeleeni hadi Ribe, ambako Wamethodisti walianza misheni yao mwaka 1862 wakiletwa na Krapf huyohuyo aliyerudi kwa muda, na ambako pia kuna kaya.

Mchukue watoto. Wavaeni nguo zisizoogopa vumbi, muwape maji ya kutosha, na mkiwa chini ya mti wowote ule mkubwa wa kaya, muacheni mzee azungumze nao kwa Kirabai hata kama hawataelewa yote. Mwekahazina atakuwa ofisini kila Jumamosi ya Desemba kuanzia saa tatu asubuhi, na mchango wa kaya unaandikwa katika daftari lake la peke yake.